Vidole Viwili Ndani ya Mshono

Mihayo alilishona mwenyewe koti lake la harusi, kwa kitambaa kizito cha pamba cha bluu iliyokoza, na ndani ya kila mshono aliacha ziada ya upana wa vidole viwili. Ndivyo alivyoshona nguo zote mtaani kwao Pasiansi. Mafundi wenzake waliikata ziada hiyo wakaitumia kwa mifuko. Yeye aliiacha, kwa sababu watu hunenepa na watoto hukua. Sketi ya shule aliyoishona iliweza kuvaliwa na dada, kisha ikapunguzwa kwa mdogo wake. Mitumba ilipojaa sokoni wateja walipungua, lakini hakubadilisha kipimo. Kuhusu koti alimwambia mkewe, "Usiligawe. Kijana wetu atalivaa siku yake. Akiwa mnene, fumua."

Rebeka alibaki na maneno hayo baada ya Mihayo kufariki na mwana wao, Nathaniel, kuhamia Dodoma kikazi. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Alitumia kimoja, kile chenye cherehani.

Nathaniel alipopiga simu kusema ndoa imepangiwa tarehe, Rebeka alimwomba kipimo cha kifua. Kweli alikuwa amenenepa. Rebeka akachukua wembe, akafumua ubavu wa kulia, wa kushoto na mgongo, akashona upya pembezoni kabisa mwa kitambaa. Kazi ilitoka safi. Alipolitundika dirishani ndipo akaona.

Koti lilikuwa limepauka kwa Jumapili zote ambazo Mihayo alilivaa kwenda kanisani. Ziada iliyokaa ndani ya mshono haikuwahi kupigwa na jua. Ilikuwa bado na bluu ya siku ya harusi. Sasa ilikuwa nje: mistari iliyokoza ikishuka kutoka makwapani hadi kwenye pindo, na mwingine katikati ya mgongo. Mihayo alizoea kupanua nguo baada ya mwaka au miwili. Hakuwahi kupanua nguo iliyongoja mtoto azaliwe, asome, aajiriwe na aoe.

Rebeka alilifunika koti kwa shuka, akaacha mistari tu wazi, akalianika. Asubuhi alilitoa, jioni aliliingiza. Aliyemuuliza alikuwa mtu mmoja tu, jirani yake Bernadeta, kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Mama Nathaniel, hilo koti linaumwa?"

"Nalipausha."

"Wenzio tunakimbiza nguo kivulini, wewe unaitafutia jua! Haya, likipona unaniambia."

Mistari ilififia kidogo. Haikutosha.

Nathaniel alifika pamoja na mchumba wake, Sharon. Waliamkia, wakakaa, wakaandaliwa chai. Kabla hawajainywa Rebeka alilileta koti. Nathaniel alilivaa. Mabega yalikaa sawa, vifungo vilifunga bila kuvuta.

"Limenikaa, Mama. Kama nimepimwa."

Sharon alizunguka nyuma yake, akaziba mdomo. "Nisamehe, Mama. Amekuwa pundamilia."

"Pundamilia wa Pasiansi," alisema Nathaniel, wakacheka wote wawili, na Rebeka naye akatabasamu. Kisha Nathaniel akalivua taratibu. "Mama, kamati ya harusi ilishachagua rangi. Mimi na msimamizi wangu tunavaa kijivu. Suti nimeshanunua."

"Vaa hili kanisani tu. Ukumbini uvae hiyo ya kijivu."

"Na picha, Mama?" aliuliza Sharon, bila ubaya.

Nathaniel alilikunja koti, akaliweka juu ya cherehani. "Nitakuwa nalivaa hapa nyumbani. Nikija."

Rebeka alijua ni mara ngapi huja. "Kunyweni chai," alisema. "Inapoa."

Walipoondoka alilivaa yeye. Mikono ilimfunika vidole. Akalivua, akafumua tena, akalipunguza hadi kipimo chake mwenyewe. Mistari yote ilirudi ndani, pamoja na kitambaa kingine kilichopauka. Hakukata hata uzi wa ziada.

Ndoa ilifungwa kanisani Buswelu, saa sita mchana. Ndugu wote walivaa sare ya kitenge cha rangi ya zambarau. Rebeka aliivaa pia, na juu yake koti.

"Jua lote hili," Bernadeta alimnong'oneza kwenye benchi, "una baridi?"

"Nina baridi."

Nje ya kanisa mpiga picha aliwapanga. "Mama mzazi, naomba uvue koti. Linaficha sare."

Rebeka hakusogea. Nathaniel aligeuka, akaliangalia koti, akatafuta mistari asiione. Aliupeleka mkono ubavuni mwa mama yake, akaubana mshono kwa vidole, akaukuta mnene.

"Mwache," alisema. "Piga hivyo hivyo."

Picha ilipigwa. Nathaniel akaitwa kwenye kundi la wasimamizi, kisha la wafanyakazi wenzake, kisha magari yakaondoka kuelekea ukumbini. Usiku ule maharusi walilala hotelini. Kesho yake walisafiri kurudi Dodoma.

Rebeka alirudi Pasiansi. Alilitundika koti katika chumba kimojawapo kati ya vile viwili visivyotumika, mbali na dirisha, mahali ambapo jua halifiki.