Kanuni ya Nyumba Tupu

Nilimkuta mwanamume nisiyemjua mlangoni kwangu, godoro begani, akijaribu ufunguo mpya kwenye kitasa. "Samahani, mzee," akasema, "nimeambiwa nyumba haina mtu." Udongo wa kaburi la mke wangu ulikuwa bado mbichi.

Nikaenda ofisi ya nyumba za umma damu ikinichemka. Nyumba ilikuwa kwa jina la mke wangu. Yeye ndiye aliyesoma, mimi ni wa kubeba mifuko ya saruji. Wakubwa wa pale nawajua, kicheko chao huishia menoni. Nikasema moyoni, kuna mmoja amemtafutia shemeji yake makao.

"Hakuna aliyeichukua, baba," akasema fundi wa kompyuta, binti mwenye macho mekundu ya uchovu. "Mfumo umefanya wenyewe."

"Mfumo nao una shemeji?"

Akacheka, kisha akajikaza. Akageuza kioo cha kompyuta nione. Kanuni zilikuwa mbili. Kifo cha mpangaji kikiandikwa, nyumba ihesabiwe tupu. Nyumba ikihesabiwa tupu, apewe anayefuata kwenye foleni. Ya kwanza huiamsha ya pili, kufumba na kufumbua.

"Na wapi panapobishwa hodi kwanza?"

"Tuliomba pawepo. Wakubwa wakasema kuuliza kunachelewesha kazi."

"Anayefuata ni nani?"

"Hilo siruhusiwi kulisema, baba."

Ahaa. Nilikuja kumkaba mwizi koo, naonyeshwa wizi usio na mwizi. Lakini maneno yale hayakuota kama uyoga. Kuna mtu aliyeyaandika, akaenda zake kula.

"Basi ongeza hapo: isipokuwa mumewe yumo ndani."

"Mfumo haujui 'isipokuwa'. Haukutengenezewa." Akashusha sauti. "Njia ni moja. Nikifuta kifo kwenye sajili, ambayo hata hospitali huisoma, kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Ila lazima wewe useme kiliandikwa kimakosa."

Mimi, niliyemlaza kaburini kwa mikono hii! Nikamkazia macho. "Huu si mtego, mwanangu? Kesho mnifunge kwa uongo?"

"Sijui wakubwa watasema nini," akajibu, na hilo ndilo neno pekee nililoliamini siku ile.

Nikasema, "Kiliandikwa kimakosa."

Akabonyeza. "Nyumba imerudi, baba."

Papo hapo simu ya marehemu, ambayo sikuwa na moyo wa kuizima, ikatetemeka mfukoni mwangu. Nikasoma polepole, herufi kwa herufi: kliniki inamkumbusha mama afike Jumatatu, asichelewe.

Nikampa binti ile simu, nikamwuliza panapobonyezwa ili kujibu.