Mbegu ya Mwali

Kristina alikuwa anapembua mtama wa harusi pale shemeji yake Filipo alipoingia uani bila kupiga hodi. Mwenyekiti mzima wa kijiji, mzee wa kanisa, anaingia kwa watu kama mbuzi aliyeona maganda! Kristina akaweka ungo chini. Alijua hakuna salama.

"Shemeji," Filipo akaanza, hata kiti hakungoja, "nasikia Jumamosi unamfungia Sara mbegu."

"Mwali gani ametoka Kinyangiri bila mbegu ya mama yake?"

"Na mbegu yenyewe ni Mkaidi."

"Kwani ninayo nyingine?"

Filipo akakaa juu ya kinu kilicholala, akajipangusa jasho. Hakuwa mtu mbaya. Tangu kaka yake Bonifasi afariki, yeye ndiye aliyemlimia Kristina shamba la bondeni, na mahari ya Sara hakugusa hata shilingi. Ndiyo maana maneno yake yaliuma.

Huo Mkaidi ulikuwa mtama mwekundu wa masuke mafupi, wala haukuwa mzuri wa kutazama. Lakini kiduha kiliushindwa. Anayelima huku wilaya ya Mkalama anakijua kiduha: kigugu chenye maua ya kupendeza, kumbe huko chini kimeuma mizizi ya mtama kinaunyonya mpaka unanyauka umesimama. Mashamba ya watu yalikufa, Mkaidi ukabaki. Wanawake wa Kinyangiri waliuchagua suke kwa suke, mama akampa binti, binti akampa wake, mpaka hakuna aliyekumbuka ulianzia kwa nani.

Ndipo serikali ilipoachia soko, na makampuni ya mbegu yakaota kila mahali kama uyoga. Kampuni moja ikafika Kinyangiri na gari jeupe. Ilitaka kikapu cha Mkaidi ikauchunguze, ikaleta na karatasi moja ya kusaini. Watu walikuwa wameshashika kalamu. Bahati yao, yule binti mwanasheria, Janeth, aliyekuwa anatoka Singida mjini kuwasaidia wakulima, alikuwepo siku hiyo. Akasimama mbele ya mkutano wa kijiji akasema bila kuzunguka: mwenye kutaka mbegu yenu aombe kwanza, mwelewane, na mkataba useme atawarudishia nini. Mkitoa hivihivi, watazalisha mbegu yao humo, wataiandikisha kwa jina lao, na kesho mjukuu wenu ataambiwa ni kosa kumgawia jirani.

Kijiji kikadai mambo mawili. Kwanza, waendelee kupanda Mkaidi na kugawiana kama walivyozoea, asiwepo wa kuwauliza. Pili, mbegu yoyote bora itakayozaliwa humo irudi Kinyangiri kabla haijafika dukani, na irudi bure. Kampuni ikasema itafikiri. Ikanyamaza. Mkutano ukaamua kwamba hata punje moja isitoke kijijini mpaka mkataba usainiwe, na mbegu yote ya msimu ikatundikwa kwenye dari la moshi jikoni kwa Kristina, maana hapakuwa na mtu waliyemwamini zaidi.

Na baada ya hapo, jamani, bwana shamba wa kampuni ileile, kijana anayeitwa Laurenti, akaleta washenga kumposa Sara.

"Nilimuuliza Janeth," Filipo akasema. "Anasema wakiiba, tunawashtaki. Lakini mbegu ya mwali ni zawadi. Imekuwa mali ya mke. Mke akimpa mumewe, mume akawapa waliomwajiri, utamshtaki nani? Watasema walipewa, tena na mwenye mbegu mwenyewe. Mkataba tutausikia kwenye bomba."

"Laurenti kijana mzuri."

"Kikulacho ki nguoni mwako, shemeji."

"Na mimi nimwambieje mwanangu? Nenda mikono mitupu, mama yako hana radhi na wewe?"

Filipo aliijua mila. Mwali hupokea masuke kutoka mkononi mwa mama yake, anafungiwa kwenye kanga, anakwenda kuyapanda kwa mkono wake mwenyewe karibu na mlango wa jiko la ukweni. Yakiota, wakwe wanajua huyu kaja na baraka za kwao. Mama kumnyima mwanawe mbegu mbele ya watu ni kumkana.

"Mimi nimeshasema," Filipo akamaliza, akainuka. "Ukitoa, nitakupeleka baraza la kata mwenyewe. Na nitalia njiani, lakini nitakupeleka."

Kesho yake Laurenti akaja kuleta sukari na kitenge cha mama mkwe. Kristina akamkaribisha jikoni, jambo lisilo la kawaida kwa mkwe wa kiume, na alifanya hivyo makusudi. Alitaka amwone macho yakienda wapi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kazi zinaendaje?"

"Tunamshukuru Mungu." Macho yakapanda darini. Yakakaa huko. "Mama, ndiyo yenyewe ile?"

"Ndiyo yenyewe."

"Kazini wananiuliza kila siku," kijana akasema, akacheka kidogo peke yake. "Mama yangu naye anaisubiri kwa hamu. Yeye Mnyiramba mwenzenu aliyeolewa Manyoni, kwa hiyo anaijua mila. Ameshasafisha mahali pa kupanda."

Kristina akamtazama. Mdomo wa kijana ulikuwa unatabasamu, lakini tabasamu ni nguo, kila mtu anayo ya kutokea. Hakuona hila. Hakuona pia kwamba hila haipo, na hicho ndicho kilichomtesa. Angekuwa mwizi wa wazi angemfukuza. Angekuwa malaika angempa dari zima.

Alimjaribu na Sara. Walikuwa wanasuka nywele, binti kichwa chake magotini kwa mama.

"Akikuomba mbegu zangu awape wakubwa zake, utafanyaje?"

"Hawezi, mama."

"Nimekuuliza utafanyaje."

Sara akageuka, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama. "Mama, huniamini?"

"Nakuamini."

Alikuwa anasema kweli. Ila kuamini ni jambo moja na kushikilia chakula cha kijiji kizima ni jingine, na wanawake wale wote walikuwa wameleta masuke yao kwake bila kuuliza swali.

Ijumaa mchana Sara na wenzake walikwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Kristina akabaki peke yake na masufuria ya harusi. Akachagua masuke mazuri kuliko yote, akayafunga kwa kamba ya katani kama alivyofungiwa yeye na mama yake. Akayashika hivyo kwa muda. Halafu akafunua sufuria iliyokuwa inachemka akayazamisha.

Hakuna aliyemfundisha. Mwanamke yeyote anajua kwamba mbegu iliyopitiwa na maji ya moto haioti tena. Inabaki na rangi yake na uzito wake, unaweza kuitazama mchana kutwa usione tofauti, lakini ndani imekufa. Alipoyatoa mvuke ulimpiga usoni, naye akasingizia mvuke kwa machozi yake, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsingizia. Akayakausha juu ya jiko taratibu, akayarudisha kwenye moshi. Alijichukia. Akasema moyoni, heri nusu shari kuliko shari kamili, akaendelea kupika.

Jumamosi, baada ya ibada na chakula, watu wakajipanga uani kuona mwali akifungiwa mbegu. Filipo alisimama mbele kabisa amekunja mikono, uso kama jiwe la kusagia. Wanawake wengine walikuwa wananong'ona. Baadhi yao walimhurumia Kristina, baadhi walitaka tu kuona ataangukia wapi. Laurenti, ndani ya suti ya kuazima, alikuwa anakodolea masuke macho. Kristina akapiga hatua mbele, akayaweka juu ya viganja vya mwanawe.

"Kapande kwa mkono wako," akasema maneno ya mila. "Kilicho changu ni chako."

Sara akapiga magoti akalia kwa furaha. Mama mmoja akaguna, "Ametuuza." Filipo akamfuata Kristina mpaka nyuma ya jiko.

"Nilikuambia! Kristina, nilikuambia!"

"Haitaota," Kristina akamjibu kwa sauti ndogo.

Filipo akamwangalia, akaangalia sufuria, akaelewa. "Loo," akasema. "Shemeji, una akili wewe." Na Kristina akatamani ardhi ipasuke immeze, maana hakuna sifa iliyowahi kumchoma vile.

Mvua zikaja, watu wakapanda. Kristina akagawa mbegu dari zima, kila mtu na yake. Filipo alikuwa amepitisha neno chinichini, na wanawake wakawa wanamsalimia kwa heshima mpya. Kutoka Manyoni salamu zilifika kwa watu wa basi: hawajambo, wazima, wanakusalimu. Kuhusu mbegu, hakuna neno. Kila basi lilipopita Kristina alisimamisha jembe. Kama kampuni imeichukua, basi alifanya vema. Alijikuta anaomba, Mungu amsamehe, mkwe wake awe mwizi.

Baada ya mavuno lile gari jeupe likarudi. Meneja mwenyewe alikuja, na mkataba wa kurasa nyingi, na yale mambo mawili ya kijiji yote yameandikwa humo. Kinyangiri ikashangilia. Kristina akamvuta Janeth pembeni.

"Kilichowarudisha ni nini, mwanangu?"

"Sheria, mama. Walipoomba kibali cha kutumia mbegu hii Dar es Salaam waliulizwa, ridhaa ya kijiji iko wapi? Hawakuwa nayo. Hata wangekuwa na gunia zima la mbegu, wangekwama palepale."

"Hata ya kupewa?"

"Hata ya kupewa. Na mimi sikuwa na uhakika huo siku mwenyekiti aliponiuliza, ndiyo maana nilimtisha." Janeth akashusha sauti. "Halafu kuna jambo. Yule mkwe wako walimwambia alete mbegu za mkewe, akagoma. Wamemwachisha kazi tangu masika. Hukusikia?"

Kristina hakuwa amesikia.

Alipogeuka akamwona Sara. Alikuwa ameshuka basi la Singida, vumbi la njia nzima limemkaa usoni, amekonda. Hakukuwa na nafasi ya kukumbatiana, kwa sababu Filipo alikuwa anaita: mwenye kutunza mbegu aje, mkataba umesainiwa, wageni wakabidhiwe. Ikabidi aende. Akachukua fungu la Mkaidi akasimama nalo mbele ya kijiji chote.

Meneja akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza. "Mama, zitaota kweli hizi?" akatania, na watu wakacheka.

"Zitaota," Kristina akasema.

Sara hakucheka. Alimngoja mama yake nyumbani, jikoni, akiwa amekaa kwenye kigoda bila hata kuvua viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, nimesikia habari za Laurenti..."

"Yangu haikuota," Sara akasema. "Nilipanda mlangoni kama ulivyoniambia. Laurenti akaizungushia miiba, kuku wasifukue. Nikamwagilia. Mwisho nikachimbua kwa vidole, nikakuta punje zimeoza. Mama mkwe akaniambia, mama yako amekutoa kwa mdomo tu, moyoni hakukutoa. Tangu hapo nikiugua, anasema ni wewe. Laurenti alipofukuzwa kazi, ni wewe. Nilikutetea, mama. Nilisema pengine ni udongo wa Manyoni."

Kristina akafunga mlango wa jiko.

"Leo nimekusikia," Sara akaendelea. "Mgeni yule amekuuliza mbele za watu, na wewe hukusita hata kidogo. Mtu hasemi hivyo juu ya mbegu kama hajui. Sasa niambie. Kama za mgeni zitaota, zangu ulizifanya nini?"

Kristina akamwambia. Alimwambia yote, sufuria, kamba ya katani, Filipo, baraza la kata, wanawake waliomwamini, mashaka yaliyomkosesha usingizi. Alieleza vizuri, na kila alipozidi kueleza vizuri ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mepesi. Alipomaliza alinyoosha mikono darini akashusha fungu jingine, masuke mekundu yenye afya, akamwekea mwanawe mapajani.

"Chukua hizi. Ni hai. Mkataba umeshasainiwa, hakuna wa kukuuliza. Kapande upya, mama mkwe wako ataona."

Sara hakuyapokea. Akayainua taratibu, kwa adabu, akayarudisha mkononi mwa mama yake.

"Ungeninyima tu," akasema. "Ungesimama pale uani ukasema mbele ya watu wote, mwanangu sikupi, mbegu ni ya kijiji. Ningelia. Lakini ningekwenda Manyoni nikijua nimenyimwa na mama yangu, siyo kudanganywa naye."

Akainuka, akafunga kanga yake kiunoni, akatoka kwenda kuwahi basi la kurudi.