Rangi Mbichi Kwenye Kijito cha Kozya

Alama zangu zilikuwa zimefutwa. Sikuhitaji hata kuvaa miwani. Miaka kumi na tisa nimepaka mistari ile mitatu ya kuonyesha njia, mweupe, mwekundu, mweupe, kwenye jiwe lile lile kando ya Kijito cha Kozya, na asubuhi hiyo ya mwisho wa Mei jiwe zima lilikuwa limepakwa rangi ya kijivu. Hatua chache pembeni, mtu kachora mistari mipya inayopanda kufuata kijito kwenda juu.

"Haya, nani mwenye kambi huko juu?" nikamwuliza Metodi.

Metodi ni karani mstaafu wa posta, mwenzangu katika chama cha wapanda mlima, mtu asiyetaka ugomvi hata na mbwa wa jirani. "Kalcho," akajibu. "Lakini dada Velika, tumwulize kwanza."

"Nimwulize nini? Njia yetu inaipita kambi yake kwa mbali, sasa kaivuta mpaka mlangoni. Anataka kila mtu akae mezani kwake ale supu ya maharage."

Nilikuwa na hakika kabisa. Tena nilikuwa na sababu ya kukasirika kuliko siku zote, maana binti yangu Iskra alikuwa anakuja alasiri hiyo hiyo na vijana wanane wa klabu yake. Ilikuwa safari yake ya kwanza kuongoza peke yake. Basi lingewashusha bondeni saa sita, na bondeni hakuna mtandao, huwezi kumpigia mtu ukamwelekeza. Angefuata alama. Sikutaka mwanangu apotoshwe na muuza supu.

Nikaenda kulikagua gogo ambalo njia yetu huvukia kijito. Ni msonobari mnene uliochongwa juu ukawa bapa, na watu wamevukia hapo tangu sijaolewa. Ilikuwa saa mbili na nusu. Maji yalipita shubiri mbili chini yake, na gogo lenyewe lilikuwa kavu. Nikavuka, nikarudi, ili Metodi aone vizuri.

"Hatari iko wapi hapa?"

"Sijasema kuna hatari. Nasema mtu hapaki jiwe zima bila sababu."

"Sababu ni supu."

Tukakwangua ile kijivu kwa brashi ya waya, nikachora mistari yangu upya. Alama za Kalcho nikazifuta zote nilizoziona. Katika chama chetu hakuna kosa baya kuliko kugusa alama ya mwenzako, na tumewahi kumfukuza mtu kwa hilo. Nilipaka kwa hasira, na nakiri kwamba nilifurahi pia. Halafu tukaendelea na kazi upande wa pili wa kijito, tukipaka jiwe kwa jiwe, mpaka saa nane tukachepuka kwenda kambini nikamwonyeshe Kalcho mimi ni nani.

Alikuwa nje anapasua kuni. "Karibuni," akasema. "Supu ipo."

"Najua ipo. Ndiyo iliyonileta."

Akaniangalia mikono, iliyojaa rangi nyekundu mpaka kwenye kucha. Akaweka shoka chini. "Umefanya nini, Velika?"

"Nimerudisha njia ya chama."

"Kwenye gogo?"

"Kwenye gogo. Nimelivuka mara tatu, kavu kama meza yako."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi," nikasema, na neno hilo likanishtua. Kila mwaka mimi ndiye ninayewafundisha wanachama wapya, tena kwa ukali, kwamba theluji ikianza kuyeyuka, kijito cha asubuhi si kijito cha alasiri. Jua linaichoma theluji huko juu tangu asubuhi, na maji yake yanakufikia saa nane, saa tisa. Vukeni mapema, huwaambia, la sivyo subirini kesho. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeyapima maji saa mbili na nusu, kwa sababu nilikwenda pale kutafuta mwizi wa njia.

"Mwaka huu theluji ni nyingi mno," Kalcho akasema. "Tangu wiki iliyopita, kila alasiri maji yanapita juu ya gogo. Hapa kwangu kijito kinajigawa mikono mitatu, hayafiki hata kwenye goti. Ndiyo maana nikawapitisha huku."

"Si ungeniambia."

"Nilikupigia mara mbili. Ukanikatia."

Kweli nilimkatia. Niliona jina lake, nikasema moyoni, huyu anataka tumtangazie kambi.

"Iskra," Metodi akasema polepole.

Kalcho akachukua kamba ukutani, tukashuka mbio. Ni mwendo wa nusu saa, na sikumbuki hata hatua moja. Nakumbuka kwamba nilimwomba Mungu, mimi ambaye huongea naye Pasaka tu. Kabla hatujatoka kwenye miti nikasikia mawe yakigongana chini ya maji. Maji yanayoviringisha mawe hayamwachi mtu asimame.

Gogo halikuonekana. Palikuwa na povu tu, limeinuka pale gogo lilipolala. Ng'ambo vijana walisimama wamebanana. Nikawahesabu, wanane. Nikahesabu tena, wanane; Iskra, wa tisa, hakuwamo. Nadhani nililia, maana Metodi alinishika bega. Ndipo wakasogea kidogo nikamwona Iskra ameketi chini katikati yao, amefunikwa makoti ya wenzake, nywele zimemganda usoni.

Baadaye vijana walinisimulia. Alama zilielekea kwenye gogo, na wakati huo maji yalilifunika kidogo tu. Akawaambia wangoje, atangulie yeye kujaribu. Alifungua mikanda ya begi kama nilivyomfundisha, na hiyo ndiyo iliyomwokoa. Maji yalimwangusha, akalivua begi likaenda, yeye akadaka mzizi.

Aliponiona akasimama. Alipiga kelele lakini kijito kilimeza nusu ya maneno. "Mama, rangi bado inanata," nikasikia. "Nimeigusa. Ni yule Kalcho unayemlalamikia, sivyo? Ni yeye?"

Kalcho alikuwa amesimama karibu yangu, kamba begani. Metodi akatazama buti zake. Kwa kelele ile ningeweza kupunga mkono tu, nikaongea baadaye, au nisiongee kabisa, na kwa muda nilifikiri kufanya hivyo. Naona haya kusema, lakini nilifikiri. Nikainua mikono yote miwili, viganja vikamwelekea yeye, vyekundu. Kisha nikajigonga kifua.

Alitazama viganja vyangu, kisha akamtazama Kalcho. Kalcho alimwonyesha kwa mkono kwamba wapande juu, naye akawainua vijana wake wakaanza kwenda, wao ng'ambo ile, sisi huku.

Pale kijito kinapogawanyika, Kalcho aliingia majini kuwapokea. Akawavusha wawili wawili, mikanda wazi, nyuso zimeelekea maji yanakotoka, wakikanyaga hatua ndogo ndogo. Iskra alivuka wa mwisho. Nilimngoja na blanketi. Akalipokea, akasema, "Asante," kama anavyomwambia konda wa basi.

Kambini kila mtu alipewa supu. Nilimpelekea Iskra bakuli mwenyewe, nikaketi karibu naye. Nilinyoosha mkono nimshike, naye akavuta bakuli lake upande wa pili. Akala mpaka likaisha. Halafu akainua kichwa.

"Kesho tunashuka kwa njia gani," akauliza, "na saa ngapi?"

Alimwuliza Kalcho. Mimi nilikuwa nimeketi katikati yao.