Betri ya Kwapani

Mgeni alibisha hodi wakati Feza ana betri kwapani.

Alikuwa ameketi kitandani, blanketi mabegani, mkono wa kulia umebana ubavu kama mtu anayepimwa homa. Baridi ya Juni huko Ruashi haimwulizi mtu kama ana koti. Ilipita chini ya mlango, ikapanda miguuni, na betri ya kamera, ambayo jana umeme ulikatika kabla haijajaa, haikuipenda hata kidogo. Feza aliijua tabia ya betri ile. Ikipoa, inadai imekwisha hata kama haijaisha. Ikipata joto la mwili, inakumbuka kwamba bado ina nguvu. Kwa hiyo tangu alipoamka alikuwa anaiatamia kama kuku.

"Odi hapa," sauti ikaita tena.

Alifungua kwa mkono wa kushoto. Mlangoni alisimama mama asiyemjua, kitenge juu ya sweta, sweta juu ya sweta nyingine, na beseni la viazi vitamu kichwani.

"Jambo, mwanangu. Njo weye Feza wa Papa Zakari, wa makina ya picha?"

"Njo miye, Mama. Karibu."

Mama akanyoosha mkono. Feza, kwa aibu, akatoa ule wa kushoto. Mama akautazama mkono, kisha akalitazama kwapa.

"Mukono iko naumwa?"

"Hapana, Mama. Iko betri."

"Ah bon," mama akasema, kana kwamba kila nyumba ya Ruashi watu hujibu hivyo asubuhi. "Mi nilifikiri iko termometre."

Alikuwa Mama Mwila, mkulima wa Kasungami. Wiki iliyopita Papa Zakari, baba yake Feza, alimshonea Nono, binti wa mama huyu, suti ya kuvaa siku ya defansi, siku ambayo mwanafunzi anasimama mbele ya majaji wa chuo kikuu kutetea kazi yake ya mwisho. Siku yenyewe ilikuwa leo. Na fundi, huku ana pini mdomoni, alikuwa amejisifu kwamba yeye ana binti mwenye kamera ya kweli.

"Simu iko, Mama," Feza akasema. "Nono hana simu?"

"Picha ya simu inaishiaka mu simu. Simu ya kwanza ilianguka mu kisima na picha yote ya marehemu papa yake. Tulibakia na moja tu, ile ya mu kadre ya mbao na kioo. Iko ku ukuta. Pembeni yake niligonga musumari." Akashusha beseni. "Musumari iko pale yenyewe, tangu Nono aingie chuo. Nataka moja tu. Miye na ye, mbele batumwangie poda ya furaha. Kiisha poda, hatutajulikana ni batu ao ni mukate."

Feza alicheka mpaka betri ikataka kuponyoka. Kisha akakumbuka, na kicheko kikapungua.

Leo hakuwa huru. Patron Dédé, mwenye studio ya picha mjini, alikuwa amempa jaribio lake la kwanza tangu amalize masomo: kumpiga picha Aaron, kijana wa familia kubwa ambayo ni wateja wa studio tangu zamani, naye anatetea leo. Alimpa hata kadi ya kumbukumbu, mpya, ndani ya kijisanduku chake. "Zote ni nzuri," alisema, "lakini ile ya familia nzima njo batatundika mu salon ya nyumba yabo. Ukileta ile, siku ya kwanza unaanza kazi. Usipoileta, tusisumbuane." Feza alikuwa ameshachagua hata blauzi ya siku ya kwanza.

Lakini Aaron na Nono wangetetea kwenye ukumbi ule ule, mmoja baada ya mwingine. Picha moja tu. Ni kubonyeza kwa kidole tu.

"Utapata, Mama," akasema. "Mbele ya poda. Na nitaileta Kasungami miye mwenyewe, mpaka ku musumari."

Mama Mwila akamwachia viazi, akaondoka akiimba.

*

Saa nne uwanja mbele ya ukumbi ulikuwa kama soko lililovamiwa na harusi. Kulikuwa na fanfari, vijana wenye tarumbeta na ngoma kubwa iliyochakaa. Kulikuwa na shangazi za Aaron, wote ndani ya kitenge cha sare cha rangi ya machungwa. Na kila mtu, hata bibi aliyeletewa kiti, alikuwa na kopo la poda ya watoto mkononi, kifuniko kimeshalegezwa. Defansi bila poda si defansi. Majaji wakishasema neno lao, msomi mpya humwagiwa mpaka abaki macho na meno.

Aaron alitoka na distinksyo, ufaulu wa juu, na mbingu ikawa nyeupe.

Feza alipiga picha. Alipiga akirudi nyuma, akichuchumaa, akicheka, kamba ya kamera shingoni, poda kwenye kope. Alimnasa bibi akimwaga kopo zima kwa utaratibu, kama anayetia chumvi. Kiki, binamu ya Aaron, msichana wa maneno mengi, alijiteua kuwa mlinzi wake na kumsukumia watu mbele ya kamera.

"Sasa famille nzima," Feza akasema.

"Noko Paulin hajafika," Kiki akajibu, yaani mjomba wao. "Ndege yake njo inashuka Luano. Bila Noko Paulin, ile haiko famille, iko batu ba kupita."

Wakangoja. Upepo ukavuma, ule mkavu wa Juni unaopenya sweta. Na kamera, kwa upole kabisa, ikazimika.

Hapa Feza akafanya kosa ambalo hata leo akilikumbuka hufumba macho. Alitaka kuipasha betri joto kwapani tu. Aliizima kamera kwa kitufe kwanza, vizuri, kama alivyozoea. Kisha akageuza kamera na kufungua kijilango cha chini, pale pale katikati ya watu. Alisahau kwamba katika kamera yake betri na kadi hulala chumba kimoja. Na sekunde ile ile, shangazi mmoja wa machungwa akaja akicheza, mikono miwili imejaa, akiimba kwamba hata wa picha ni mtoto wetu.

Puu.

Wingu lilipotulia, Feza alikuwa mweupe, betri mkononi, na kijilango kilikuwa wazi.

Alirudisha betri, akawasha. Kioo kikasema: *Kadi haisomeki. Futa yote na uanze upya?* Chini yake neno OK liling'aa, rafiki kabisa.

"Bonyeza OK," akasema Kiki, kidole kiko njiani.

Feza akaikumbatia kamera kama mtoto anayekaribia kuibiwa. "Kiki, dada yangu, ukigusa hapo, Aaron hatakuwa ametetea kitu."

Kiki akarudisha kidole taratibu, akakitia mfukoni.

Uwanja mzima ukawa mafundi. Mmoja akasema ipulizwe kwa mdomo. "Mate itaingia," Feza akasema. Mwingine akatoa kitambaa chenye maji cha kufutia watoto. "Maji njo mubaya kabisa, Papa." Wa tarumbeta akajitolea kupuliza kwa tarumbeta.

Ndipo mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akachakura mfuko wake na kutoa puwari, kile kimpira chekundu ambacho mama hukiminya kumvuta mtoto kamasi. Feza akakitazama. Kimpira chenye ncha nyembamba, kinachopuliza hewa kavu bila mate: wapiga picha wa mjini hununua kama hicho, cheusi, cha bei.

"Iko mupya?" akauliza kwa heshima.

"Iko mupya," mama akasema. Akafikiri. "Mupya ya leo. Toka asubuhi haijatumika."

Kikapanguswa, kikaminywa mara nyingi hewani mpaka kikawa kikavu. Watu wakatengeneza duara, migongo nje, kuzuia upepo, na mwenye ngoma akapiga polepole kama mbele ya hukumu. Feza akachomoa kadi kwa kuishika kingoni, bila kugusa vyuma vyake vya dhahabu, akaigeuza chini, akapuliza. Poda ikatoka kama moshi. Akapuliza chumba chake. Akairudisha mpaka ikalia *tik*. Akawasha.

Aaron akatokea kwenye kioo, mweupe, akicheka, bibi yake na kopo.

Kelele zilizopigwa hapo zilimtoa jaji mmoja mlangoni kuomba watu watulie, kuna mwingine anatetea. Ni Nono. Mama Mwila alikuwa pembeni peke yake, amekunja mikono, hajui afanye nini na furaha ya watu wengine.

Furaha haikudumu. Alama ya betri ilikuwa nyekundu, ikipepesa.

"Inahitaji kwapa," Feza akasema, "na langu limepoa."

Ukazuka mjadala ambao chuo kikuu kile hakijawahi kuusikia. Shangazi wakashindana nani ana kwapa la moto. Kiki akatolewa kwa kuwa mwembamba. Bibi akasema lake limestaafu. Mwishowe Mama Mwila akasogea.

"Leteni. Mi nimebeba viazi toka Kasungami mpaka Ruashi, na kutoka Ruashi mpaka hapa na miguu. Na mutoto yangu iko ndani mbele ya majaji. Niko moto kama mbabula ya makaa."

Akaipokea betri kwa mikono miwili, akaiweka chini ya sweta mbili, akabana. Akasimama hivyo, wima, macho mlangoni.

Mlango ukafunguka. Nono akatoka ndani ya suti ya Papa Zakari, uso haujui kama ulie au ucheke. "Grande distinction," akasema, alama inayopita hata ya Aaron, kwa sauti ndogo, kama anayeuliza.

Mama yake akataka kurusha mikono juu. Mmoja ukapaa. Mwingine ukabaki umebana ubavu, kwa nidhamu ya ajabu, na akaruka hivyo hivyo, nusu ndege, akilia na kusema, "Feza, kuya chukua betri yako nimukumbatie mutoto yangu."

Na wakati huo huo honi ikalia. Gari refu likasimama, akashuka mtu mwenye kofia na fimbo ya fedha, na machungwa yote yakamkimbilia. Noko Paulin amefika.

Feza akatia betri. Joto lake lilikuwa kama la yai. Kamera ikaamka. Nyekundu, ikapepesa. Alijua mpepeso ule: nguvu yenyewe ndiyo inaisha, wala si baridi tena. Picha moja, basi.

Upande huu, familia ilijipanga kwa ufundi wa miaka mingi, wafupi mbele, Noko katikati, kidevu juu. "Mademoiselle, tuko tayari," akasema.

Upande ule, marafiki wa Nono walikuwa na makopo juu, vifuniko vimefunguliwa.

Mama Mwila aliona yote. Akamshika Nono mkono, akarudi nyuma hatua. "Anza na bale, mwanangu," akasema taratibu. "Bale njo banakupa kazi. Siye tutaelewa."

Feza akashusha kamera kidogo. Akilini aliiona blauzi yake ya siku ya kwanza imetundikwa nyumbani. Aliiona studio ya Patron Dédé, taa zake, mapazia yake. Kisha akauona msumari ambao hajawahi kuuona, ukutani Kasungami, umekaa miaka unangoja kitu.

"Papa," akamwambia Noko Paulin, "munisamehe. Mama huyu nilimupa neno: picha moja, mbele ya poda."

Akageuka. "Marafiki, poda chini kwanza. Mama, mikono yote miwili sasa, kwapa iko huru."

Mama Mwila akamkumbatia binti yake kwa nguvu za mtu aliyezuiliwa muda mrefu. Feza akabonyeza.

Taa ndogo nyekundu ya kadi ikawaka, ile inayosema picha inaandikwa bado. Hakugusa kijilango. Taa ikazimika. Sekunde moja baadaye kamera nayo ikazimika, na poda ikaanguka.

Noko Paulin alibaki na kidevu juu muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akapiga chafya nyeupe, na Kiki akacheka, na fanfari, kwa kukosa amri nyingine, ikapigia familia zote mbili.

*

Patron Dédé alizitazama picha moja moja. "Nzuri," alisema. "Hii ya bibi, nzuri sana. Na ya famille?"

"Haiko, Patron."

Hakukasirika. Alimwachia anakili ile moja isiyo ya Aaron, akachukua kadi yake, akaifunga kwenye kijisanduku, akashika neno lake.

Siku ambayo angeanza kazi, Feza alivaa blauzi ile ile, akapanda gari la Kasungami, akatembea kipande kilichobaki kati ya matuta ya viazi. Alibisha hodi kwa mkono wa kushoto.

Mama Mwila akafungua. Akatazama mkono, akatazama kwapa.

"Mukono iko naumwa?"

"Hapana, Mama," Feza akasema, na akaichomoa picha kwapani, ndani ya kadre yake, ingali na joto. "Musumari iko wapi?"