Sauti ya Nyuma ya Simu

Umeme wa Chang'ombe hukatika bila hodi, lakini siku ile Kefa na binti yake Erica walipouombea ukatike, ili mashine ya kusaga ya jirani inyamaze, ulikaa tangu asubuhi kama umelipwa mshahara.

"Ndivyo walivyo hao wakubwa," Kefa alisema. "Ukitaka mwanga wanakupa giza. Ukitaka giza wanakumwagia mwanga."

"Baba, vuta hiyo shuka, inalegea."

Shuka yenyewe ilikuwa nyeupe, haijalaliwa hata siku moja. Kefa aliinunua mwaka juzi alipoambiwa hospitalini mgonjwa aje na shuka yake. Mkewe Lydia akafia kwenye benchi akingoja kitanda. Sasa waliigongomea ukutani, maana Bwana Fredy, msimamizi wa usaili, hakutaka ukuta wenye madoa. Lilikuwa igizo la nyimbo, la kufungulia ukumbi mpya mjini. Anayetaka nafasi ya mama wa shambani atume video: asimame, ataje jina, aimbe dakika moja bila ngoma. Erica alikuwa ameomba kazi tatu mwaka huo na kukosa zote. Hii aliitaka mpaka chakula kikawa hakipiti.

Wimbo aliochagua ni wa mama yake. Lydia aliutunga mwenyewe kule Bahi, enzi za usichana, akiamia mpunga, kufukuza ndege wasiule. Alikuwa anaimba juu ya dungu lake, kile kichanja cha mlinzi wa shamba, anakata ghafla, anangoja. Na Kefa, kijana wa shamba la pili, anaitikia kutoka dungu lake. Hivyo ndivyo walivyochumbiana, na ndege wakashiba.

Saa nane umeme ukakatika. Erica akaimba, akafika pale pa kukata, akakata. Kefa, simu mkononi, hakuwa na ujanja. Akaitikia kutoka nyuma ya simu, "Nipo, Lydia, nipo," kama alivyoitikia miaka yote ya ndoa.

Kesho yake Fredy akatuma sauti. "Dada, umeimba vizuri sana. Ila kuna mzee humo ndani. Usaili ni wako, siyo wa ukoo. Rudia."

Wakarudia. Safari hii Kefa alijiziba mdomo kwa kiganja. Erica alipokata, pakawa kimya, kisha akaendelea. Kefa aliona wimbo umebaki na shimo katikati, lakini kwa ajili ya mtoto mzazi humeza hata mfupa.

Wiki tano hakuna jibu. Kila Jumatatu Erica aliaga kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya, na Kefa alibaki akiwalaani wakubwa peke yake.

Jumanne moja Geofrey, fundi viatu wa mtaani, akamwonyesha tangazo la igizo kwenye simu. Aliyesimama mbele ni Sabrina, mpwa wa mwenyekiti wa kamati ya igizo. Anaimba wimbo wa Bahi. Anakata. Na vijana kumi nyuma yake, gizani, nyuso hazionekani, wanaitikia: "Nipo, Lydia, nipo."

Kefa alikwenda ofisini kwa Fredy na vumbi lake miguuni.

"Shikamoo mzee."

"Weka mfukoni. Mmemnyima mwanangu nafasi, mkabeba na wimbo."

"Ule ni wimbo wa jadi, mzee wangu. Hauna mwenyewe."

"Mwenyewe nilimzika mimi. Huyo Lydia mnayemwita, mnamjua?"

Fredy akashusha macho. "Tulidhani ni jina la kwenye wimbo tu." Akajikohoza. "Lakini hatukuiba. Aliyemfundisha Sabrina ni Erica. Jumatatu zote yupo hapa. Tumempa nafasi kwa waitikiaji, mstari wa nyuma."

"Na itikio? Si mlisema nizibe mdomo?"

"Video ile ya kwanza tulishaifuta. Erica ndiye aliyeileta tena. Alisema bila itikio wimbo haunogi."

Kefa alirudi kwa miguu. Wakubwa alishawazoea, alijua wanapouma na namna ya kujikuna. Huku kwingine, kwa mtoto wake mwenyewe, hakuwa amejiandaa.

Erica alikuwa uani akichambua mlenda.

"Kwaya jana ilikwendaje?"

"Salama, baba."

Akaendelea kuchambua, akiuimba ule wimbo taratibu. Akafika pale pa kukata, akakata, akangoja kwa mazoea. Kefa alikuwa mlangoni anang'oa misumari ya shuka.

"Baba, mbona huitikii?"

"Kwani mstari wa nyuma hamtoshi?"

Mkono wa Erica ukabaki ndani ya ungo. "Wangeniacha kabisa, baba. Ningekosa vyote."

"Ungekosa," Kefa alisema. "Ila mimi ningebaki na kimoja: itikio la mama yako."

Akaikunja shuka mara nne, akaingia nayo ndani, akaiweka chini ya mto wake. Kule uani hakukuwa tena na anayeimba.