Kulia na Kuume

Kiangazi cha mwaka 2003, timu ya ligi ya raga iliyokuwa ikichezea uwanja mmoja karibu na Peckham, London, ilikuwa haijashinda hata mechi moja, na bado wachezaji wake walikuwa na furaha isiyoelezeka. Walifungwa Jumamosi, Jumanne wakaja mazoezini wanacheka.

Nguvu walikuwa nazo. Katika mchezo huo ukishaangushwa mara sita ukiwa na mpira bila kufunga, unawaachia wapinzani mpira. Nyati, ndivyo walivyojiita, walifika karibu na mstari wa wapinzani kila wiki, na wakishafika, akili zinawaruka. Kocha wao Leonard, Mwingereza wa kaskazini, aliwafundisha jambo moja tu: kimbieni moja kwa moja mara tano, ya sita pigeni mpira teke uende pembeni. Mansour, Mpemba aliyekuwa karani huko Croydon, ndiye aliyeongoza mashambulizi. Aliitikia kwa kichwa. Siku ya mechi akaona upenyo ambao hakuna mwingine aliyeuona, akarusha pasi ndefu, tamu kuitazama, ikaangukia mikononi mwa adui.

Kabla ya mechi ya mwisho, dhidi ya timu ya Tottenham, alikuja na wazo jipya. Yeye na Magloire, Mkongo mwenye kifua kama kabati aliyekuwa akifanya usafi hospitalini, wangepeana ishara kwa Kiswahili.

"Wale hawatajua tunasema nini," alimwambia kocha.

"Na nyinyi mtajua?" Leonard akauliza.

Mechi ikaanza. Walipoukaribia mstari, Mansour akaita, "Kulia!" Magloire akasimama tuli, akageuka kutazama nyuma. Mpira ukampita sikioni, ukatoka nje.

"Mbona hukwenda?" Mansour akamuuliza.

"Ulisema kulia. Nikafikiri mutu ameumia, iko analia."

"Mkono wa kulia, bwana. Unaolia chakula."

"Ah. Sisi tunasema kuume."

Wakaanza kucheka. Refa akawakemea, mchezo ukaendelea, nao wakafungwa wangali wameshika mbavu.

Kipindi cha pili "kuume" ilifanya kazi ya ajabu. Mansour aliita, Magloire akapasua ukuta wa watu kama anafungua pazia. Walifunga, wakafunga tena, wakabaki nyuma kwa alama mbili tu. Halafu ghafla kila walikokwenda wakamkuta winga mmoja wa Tottenham, mweusi mrefu, anawangoja.

"Kaka," yule winga alimwambia Mansour walipokuwa wakiinuka kutoka chini, "mimi mtu wa Kakamega. Nyinyi endeleeni tu, nasikia vizuri."

Mansour akaangua kicheko.

Dakika ya mwisho Nyati walikuwa mbele ya mstari, wamekwisha kuangushwa mara tano. Leonard alipiga kelele kutoka pembeni, "Teke! Piga teke!" Mansour akapata mpira na akaamua kudanganya. "Kushoto!" aliita. Mkenya akakimbilia kushoto na kuwavuta wenzake wote. Mansour akageukia kulia atoe pasi, hakuna mtu. Magloire na wengine nao walikuwa wamemwamini, wote wamekwenda kushoto.

Basi akakimbia mwenyewe. Hakuwa na mazoea hayo. Kazi yake ilikuwa kurusha. Aliuvuka mstari bila kuguswa. Ilibaki kuuweka mpira chini tu ili wapate alama, jambo ambalo hata mtoto angelifanya, lakini akataka kufika katikati ya nguzo za goli, akaendelea kukimbia, na Mkenya amekwisha kugeuka anakuja kama gari moshi. Nyuma yake akasikia sauti ya Magloire, "Mansour, leta!" na Mansour, ambaye hata leo hawezi kueleza kwa nini, akautupa mpira nyuma bila kutazama.

Uwanja mzima ulizuia pumzi. Magloire aliudaka kwa vidole, ukamteleza, akaudaka kwa tumbo, akaanguka juu yake ng'ambo ya mstari. Refa akapuliza kipenga na kunyoosha mkono. Nyati wameshinda.

Leonard alikuwa amekaa kwenye nyasi, kofia imemfunika uso.

"Ulikuwa unawaza nini?" alimuuliza Mansour.

"Sikuwaza kitu, kocha."

"Nilijua."

Wachezaji wakambeba Magloire mabegani. Walipiga hatua chache, uzito ukawashinda, wakaanguka wote rundo moja, na yule winga wa Kakamega akaja mbio akajirusha juu yao.