Tundu la Kiboko

Gordon hajui kufunga fundo. Nasema mapema ili ukisikia watu wakimsifu usichanganyikiwe. Tulishona nyavu pamoja pale Karungu, kando ya ziwa, miaka sita, na fundo lake lilikuwa na heshima sana: samaki akibisha, linafunguka. Mwenye mashua akamfukuza. Mimi nikabaki, nikachomwa na jua, nikapoteza meno mawili kwa kukata uzi. Yeye akaanza kuokota takataka ufukweni.

Sasa takataka hizo zina maonyesho Homa Bay, na foleni, na mama wa miwani aitwaye Dorine aliyetoka Nairobi kuamua kama zifike Migori pia.

Nilichelewa makusudi. Mwenye wivu akifika mapema ataonekana amefurahi. Binti wa mlangoni, Joyline, akaniambia, "Ingia tu, mzee. Wengine wako ndani na Gordon. Shika chochote, hii sanaa inashikwa."

"Ikivunjika?"

"Iliokotwa ikiwa imevunjika."

Nikampenda, ingawa sikuja kupenda mtu.

Lilikuwa ghala la zamani la samaki. Gordon alikuwa ameziba madirisha, akatundika nyavu kuukuu darini, ukawa unapita chini yake kama samaki ngege. Ndara zilizotupwa na ziwa zilining'inia kwa mamia, soli zikikutazama, kana kwamba watu wanatembea juu ya maji na wewe uko chini. Taa za kuvulia omena, wale dagaa wa ziwani, zilizokufa zilikuwa na balbu ndogo za buluu ndani. Sakafu ilikuwa mchanga mtupu. Nikasema polepole, "Mshenzi huyu." Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniuma. Ingekuwa mbaya, ningekunywa chai nikarudi zangu.

Kisha nikaona mkono wangu.

Kila mshonaji ana mkono wake. Mimi nalaza uzi kushoto mara mbili. Mwisho wa chumba kulikuwa na wavu wa kuvulia mbuta, samaki wakubwa, umepigiliwa misumari pande zote, ukuta hadi ukuta, na nusu ya mafundo yake yalikuwa yangu. Kando yake, karatasi yenye jina: Gordon. Basi. Katikati ya wavu, tundu la kimo cha mtu, kama analoacha kiboko akipita. Nyuma yake giza, na mlio wa injini ya mashua.

Jina lilinichoma, lakini tundu lilinichoma zaidi. Mtu yeyote wa Karungu angeutambua mkono wangu, aseme Zadock siku hizi anaacha matundu. Sindano yangu ya nyavu haitoki mfukoni, hata kanisani. Nikaitoa. Nilishona robo saa kwa hasira, na nikisema ukweli, sijawahi kushona vizuri hivyo.

Nilipouma uzi wa mwisho, injini ikanyamaza, taa zikawaka upande wa pili. Watu kama thelathini walikuwa wamekaa mchangani wakinitazama kupitia wavu kana kwamba mimi ni sehemu ya maonyesho. Chumba chao hakikuwa na njia nyingine. Tundu ndilo lililokuwa mlango.

Gordon akaja, akagusa fundo. Akavuta. Akaning'inia na mwili wake wote, na Gordon si mwembamba.

"Omera, ndugu yangu Zadock."

"Naam."

"Umetufungia."

"Nimeona tundu."

"Nani ana kisu?" mtu akauliza huko nyuma.

"Kisu hapana," Gordon akasema. "Kazi ya huyu haikatwi."

Dorine akasogea. "Huyu ni nani?"

"Zadock wa Karungu. Mafundo mengi mliyopita chini yake ni yake. Mimi nilishindwa hata moja, nikafukuzwa."

"Na jina lake liko wapi?"

Gordon akaangalia mchanga. "Nilidhani atanicheka, kuweka jina lake kwa takataka."

"Ningecheka," nikasema. "Ungeandika kwanza, halafu ningecheka."

Karatasi ilikuwa upande wangu, kwa hiyo Joyline, aliyekuja mbio kutoka mlangoni, ndiye aliyeandika. Nikamsimamia, herufi zangu zilingane na za Gordon. Ndipo nikaanza kufungua.

Walitoka mmoja mmoja wameinama, kisha wakapiga makofi. Walimpigia Gordon. Kijana mmoja akamwambia kupitia wavu, "Buda, hiyo ya kufungiwa imeweza." Naye akatabasamu kama aliyeipanga. Dorine akasema Migori twende hivyo hivyo, na kufungiwa kuwepo, mshonaji naye aje. Mshonaji, bila jina. Karatasi bado ilikuwa haijakauka wino.

Gordon alibaki wa mwisho. Nikarudisha mafundo manne.

"Omera, mimi bado niko ndani."

"Nakuona. Si wewe ndiye msanii? Fungua mwenyewe."

Akahangaika. Vidole vyake ni vilevile vya Karungu, vinatafuta kulia kitu kilicholala kushoto. Wageni walishafika kwenye soda. Nikakaa mchangani, nikaegemeza mgongo ukutani chini ya jina langu, nikamwacha atoke jasho kidogo.

"Anza kushoto," nikamwambia hatimaye. "Mara mbili."